Waziri wa Mambo Yaliyoharibika

Karatasi ya kwanza ilionekana siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Ilibandikwa kwa uji wa unga wa ngano kwenye ubao wa matangazo wa kambi, kando ya tangazo la chanjo. Iliandikwa kwa herufi kubwa za wino mweusi, na maneno yake yalifuata mtindo wa watangazaji wa redio ya Mogadishu enzi serikali ilipokuwapo:

"Hii ni taarifa ya habari. Jana mji wa Kismayu ulitekwa asubuhi na Jenerali Birika. Adhuhuri ulitekwa na Jenerali Sinia. Alasiri majenerali wote wawili walikuwa wamelala, mji ukajitawala wenyewe, na bei ya samaki ikashuka. Serikali inawaomba radhi wananchi kwa usumbufu huo."

Chini yake palikuwa na saini: Waziri wa Mambo Yaliyoharibika.

Kambi yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Mombasa, mwaka wa tisini na mbili, na karibu wote waliokuwamo walikuwa Wabajuni waliokimbia Kismayu na visiwani. Walikuwa wamekuja kwa mashua zilizojazwa kupita kiasi, na hakukuwa na hema ambalo halikuacha mtu baharini. Birika na Sinia hayakuwa majina ya watu, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa ni akina nani. Kila mmoja alikuwa amechukuliwa kitu na Birika, na kama kilibaki kingine, Sinia alikuja akakimalizia.

Wanaume walipotoka kuswali walisimama mbele ya ubao. Kwanza walisoma kimya. Kisha mmoja akatoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa na maji, mwenzake akamshika bega, na baada ya hapo wote wakacheka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya bomba waliacha ndoo zao wakaja kuuliza kuna nini. Wasiojua kusoma walisomewa na Nassoro, muuza kahawa, kijana wa kisiwa cha Ngumi mwenye mdomo mwepesi. Nassoro hakusoma tu. Alibana pua, akaivuta sauti, akawa yule mtangazaji wa redio hasa, na alipofika kwenye bei ya samaki watu walikuwa wameshika mbavu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Mzee Abdulrahman, ambaye aliuliza kwa unyenyekevu, "Kwani ni kweli imeshuka?" Jioni walimkuta akifunga mzigo wake arudi nyumbani, kwa kuwa mji sasa unajitawala wenyewe. Ilibidi akalishwe chini aelezwe. Alipoelewa, alikasirika kwa namna ambayo watu hawakuitarajia kwa mzee mpole vile. "Mchu aliyeandika haya hana mama," alisema kwa lafudhi yake ya Kibajuni. "Huwezi kunifungulia mlango wa nyumba yangu, kisha ukaniambia ni mchezo."

Aliyeandika alikuwepo pale, amesimama na ndoo yake, akasikia yote.

Jina lake lilikuwa Wardah. Kismayu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kambini aliwafundisha watoto chini ya turubai, ndiyo sababu hakuna aliyeshangaa kumwona na karatasi na kalamu, wala kumwona mbele ya ubao akibandika kitu. Mumewe, Abdirahim, alikuwa baharia. Siku mji ulipobadilisha mikono mara ya pili alitoka kutafuta maji ya kunywa na hakurudi. Wardah aliondoka na mama mkwe wake, Bimkubwa, na wawili hao ndio waliokuwa wakiishi pamoja katika hema moja.

Hakuandika kwa ushujaa. Alasiri, watoto wakishatawanyika, hakuwa na la kufanya ila kusikiliza redio. Siku moja redio ilisema kwamba pande zote mbili zimekubaliana kuheshimu makubaliano ambayo bado hayajafikiwa. Wardah alicheka. Alijaribu kuacha akashindwa, akaziba mdomo kwa leso mpaka machozi yakamtoka. Usingizi wa usiku ule ulikuwa wa kwanza mzuri tangu waondoke. Asubuhi alianza kuandika.

Ijumaa iliyofuata Waziri alitangaza baraza jipya: "Waziri wa Fedha ametia saini kiapo chake. Kalamu haijaonekana tangu hapo, wala meza." Kambi nzima ilikuwa na maneno hayo mdomoni. Mtu akipoteza kijiko aliambiwa akamuulize Waziri wa Fedha. Na kwa kuwa Nassoro ndiye aliyesoma, na ndiye aliyeweza kumfanya hata mgonjwa acheke, watu wakaamua kwamba Nassoro ndiye Waziri mwenyewe. Walimuuliza. Nassoro alimimina kahawa, akampa mtu kikombe chake, akasema, "Waziri haulizwi." Hakukubali, hakukataa. Biashara yake ya kahawa ilichangamka.

Wardah alipata wivu kidogo, kisha akaona ni nafuu.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyoleta mgawanyiko. Siku hizo zilikuwa zimefika habari kwamba wapiganaji wameshuka kisiwa cha Chovai, wamechukua mashua, wamechukua nyavu, na walipokosa cha kuchukua wakang'oa mabati ya mapaa na milango ya nyumba. Wardah aliandika:

"Askari wa Jenerali Sinia wamefika Chovai kuwakomboa wananchi. Wamewakomboa kutoka kwa mashua zao, nyavu zao, mabati yao na milango yao. Wananchi sasa wako huru kabisa. Hata upepo unaingia bila kubisha hodi."

Nassoro alisoma kwa sauti ile ile ya puani. Alipofika kwenye upepo, watu waliinama kwa kicheko. Kwenye foleni ya bomba alikuwako mwanamke mmoja wa Chovai, Bi Kaltuma, aliyekuwa amefika kambini si muda mrefu. Aliweka ndoo yake chini, akasogea mbele.

"Soma tena," alisema.

Nassoro alidhani amependezwa. Akaanza upya, akibana pua.

"Pale pa milango tu. Na uache hiyo sauti."

Nassoro alisoma kwa sauti yake ya kawaida.

"Mwanangu Idarus alikufa ameushika mlango," alisema Bi Kaltuma. "Aliwaambia, chukueni vyote, mtuachie mlango, mna wanawake humu ndani. Aliyempiga risasi alikuwa mtoto. Suruali imemzidi kiuno, ameifunga kwa kamba. Naye alikuwa akicheka. Sasa niambieni nyinyi mlioshika mbavu hapa. Mnacheka pamoja na nani?"

Bi Kaltuma alichukua ndoo yake akaondoka bila kuteka maji.

Alipotoka tu, watu waligeukiana. Mmoja alisema ni haramu kufanyia mzaha maiti. Mwingine akasema maiti hawakuguswa, waliochekwa ni wauaji, na hao wakichekwa ni haki yao. "Wewe umeibiwa nini hata ukaweza kucheka?" aliuliza wa tatu. "Nimeibiwa kila kichu," alijibiwa, "hicho kicheko ndicho kilichobaki, na nyinyi mwataka nikitoe nacho?" Mume na mke walianza kubishana pale pale ubaoni, na walikwenda wakibishana mpaka ndani ya hema lao. Mzee Mzamil, mwenyekiti wa kamati ya kambi, alifika akiwa amechelewa, akasoma, akasema yeye haingii katika mambo ya kuchekesha au kutochekesha. Analojua ni kwamba wenyeji hawataki siasa kambini, na siku wakubwa wakiamua kufunga kambi, hawataangalia nani alicheka na nani alinuna. Aliamuru karatasi itolewe. Nassoro aliiwahi kuibandua mwenyewe, taratibu, isichanike, akaikunja akaitia mfukoni.

Jioni Wardah alimwambia Bimkubwa yaliyotokea, kama mtu asimuliaye habari za wengine.

"Bi Kaltuma ana haki," alisema Bimkubwa. Alikuwa akichagua mchanga katika dengu. Akatupa punje ya mchanga, akaongeza, "Nami nilicheka. Nilisomewa nikacheka hadi nikasahau kwamba nina mtoto hajulikani aliko. Mungu anisamehe, ilikuwa raha."

Ijumaa mbili zikapita ubao ukiwa na chanjo tu. Wardah alidhani ukimya utaponya. Badala yake, waliompenda Waziri walimgeukia Bi Kaltuma. Walisema ndiye aliyemziba mdomo. Vijana walimwimbia akipita. Siku moja kwenye bomba mwanamke mmoja alisukuma ndoo ya Bi Kaltuma nje ya mstari, akasema hapa wanateka wachu wenye furaha. Wardah aliirudisha ndoo mstarini. Hao waliomtendea hivyo Bi Kaltuma ndio waliokuwa wakimtetea yeye.

Basi akaandika ya nne, akiwa mwangalifu. Hakugusa Chovai, hakugusa nyumba wala wafu. Alimwandika Jenerali Birika ambaye wapishi wake wamemtoroka, akaamua kupika wali mwenyewe, akatia chumvi maji yameshakauka. Chakula kilipoungua alitangaza kuwa ukoko ni eneo lililokombolewa.

Ilichekesha, lakini haikumridhisha mtu. Waliompenda walisema Nassoro ameogopa, amerudi kwenye masufuria. Waliomchukia walisema sasa tumegeuzwa watu wa kufurahishwa na wali wa muuaji. Mzee Abdulrahman alisema angalau safari hii hakudanganywa. Bi Kaltuma alikuja akasoma peke yake, polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akaenda zake.

Baada ya hapo Nassoro akapata safari. Mama yake, Mwanatumu, alikuwa amebaki Ngumi kwa sababu alikataa kuliacha kaburi la mumewe. Sasa nahodha Ahmed, aliyekuwa akienda visiwani kuchukua watu, alikubali kumchukua Nassoro bila nauli ili akamshawishi. Asubuhi ya kuondoka alipita chini ya turubai la shule kumuaga Wardah, maana mara nyingi alimpa kahawa ya bure.

"Nimechukua ile ya milango," alisema, akipiga mfuko wa shati. "Nampelekea mama. Nyumba yetu nayo haina mlango. Nataka nimsomee, nimwone akicheka. Akishacheka nitambeba begani nimtie mashuani kabla hajakumbuka kukataa."

"Iache, Nassoro. Wakikupekua?"

"Mwalimu, hii ni karatasi. Wao wanatafuta injini za mashua."

Wardah alimtazama. "Wakikuuliza nani ameiandika, utasemaje?"

"Nitasema ukweli. Simjui." Akacheka. "Hata wewe ulidhani ni mimi?"

"Sikudhani ni wewe."

"Wewe peke yako basi," alisema Nassoro. Alionekana kama aliyevunjika moyo kidogo. Kisha akainua mkono kuwaaga watoto, nao wakamwitikia kwa sauti moja ya puani, ile ya redio.

Wardah alifungua kinywa amwite. Mtoto mmoja alimvuta kanzu akamwonyesha ubao wake, na alipoinua uso Nassoro alikuwa ameshafika barabarani.

Nahodha Ahmed alirudi mchana mmoja wa joto kali, na habari alizitoa langoni pale pale, amesimama, kwa sababu watu hawakumwacha aingie.

Walipita Chovai kutafuta maji. Wapiganaji wakawateremsha wote ufukweni wakawapekua. Kwenye shati la Nassoro wakaikuta karatasi. Kamanda wao alijua Kibajuni, maana alikulia Kismayu. Alisoma mstari wa kwanza, akaguna, akamrudishia Nassoro. "Soma wewe," alisema. "Wasikie wenzangu."

"Akasoma," alisema Ahmed. "Mwanzo sauti ilimkauka. Kamanda akamwambia, sivyo, soma kama inavyosomwa, mimi nimesikia kuna mchu huko Mombasa anaisoma kama redio. Akabana pua. Mnamjua Nassoro. Alipoona mmoja ametabasamu, akashika moto. Akaiweka ile sauti sawasawa, akatia na mikono."

"Wakafanyaje?" aliuliza Mzee Mzamil.

"Walicheka. Wallahi walicheka. Mmoja alikaa chini mchangani. Yule kamanda alitoa kitambaa akafuta machozi, akasema, hata upepo, hata upepo! Akaomba arudie. Nassoro akarudia, naye mwenyewe akicheka. Nami nilicheka, Mungu ananiona, nilijua tumeshapona. Kisha kamanda akamuuliza, wewe ndiye Waziri? Akasema, mimi nasoma tu, mwandishi simjui. Kamanda akamwambia, mchu hawezi kusoma hivi kitu ambacho hakukiandika. Akampiga risasi. Uso wake ulikuwa bado unacheka."

Watu walidhani amesema uso wa Nassoro. Alikuwa akisema uso wa kamanda.

Karatasi waliitupa juu ya maiti. Ahmed aliruhusiwa kumchukua, akampeleka Ngumi kwa mama yake, akazikwa huko. Mwanatumu hakupanda mashua.

Matanga yaliwekwa mbele ya kibanda cha kahawa. Humo humo matangani watu waligawanyika tena. Kundi moja lilisema Nassoro ni shahidi, aliwachekesha wauaji wake usoni. Kundi jingine lilisema ulimi wake ndio uliomponza, naye alionywa. Wengine walisema lau angechekesha kidogo zaidi wangemwacha, na wengine wakasema lau angepunguza kuchekesha. Wardah aliwasikiliza kwa siku mbili. Siku ya tatu alisimama.

"Si Nassoro aliyeandika," alisema. "Ni mimi. Zote nne ni zangu. Nilizibandika Ijumaa mkiwa msikitini."

Kisha kijana mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, pole. Huzuni imekupanda kichwani."

"Nasema kweli."

"Mwanamke?" alisema mwingine. "Mambo ya majenerali?"

Mzee Mzamil aliinua mkono watu wanyamaze. "Mwalimu Wardah, sisi tunakuheshimu. Lakini marehemu hajamaliza wiki. Si vizuri kumvua alichokufa nacho." Akamgeukia Bimkubwa, aliyekuwa ameketi na wanawake. "Mama, wewe unaishi naye. Umepata kumwona akiandika haya?"

Bimkubwa alijifunika vizuri kichwa. "Mwanangu ana homa tangu juzi," alisema. "Haandiki kitu ila masomo ya watoto."

Wardah alisubiri mpaka walipofika hemani. "Mama, wewe ulijua."

"Nilikuwa nakusikia ukicheka peke yako ukiandika. Nani asingejua?"

"Kwa nini basi?"

"Kwa sababu wapiganaji walio huko Chovai wana jamaa zao hapa kambini," alisema Bimkubwa. "Na kwa sababu Abdirahim hayupo. Nikikukosa wewe nitabaki na nani?" Alisema haya bila kulia. Akainamia jiko akapuliza makaa.

Wardah aliona njia moja tu imebaki, nayo ni kuandika nyingine. Ikitokea karatasi ya Waziri wakati Nassoro yuko kaburini, watu wataamini. Alikaa nayo siku nzima. Aliandika taarifa ya habari kuhusu kamanda aliyecheka mpaka akafuta machozi. Aliandika kwamba Serikali imeunda Wizara ya Kicheko na kwamba sharti la kuingia ni bunduki. Alifuta, akaandika tena. Alitafuta pale mahali ambapo sentensi hugeuka ghafla na kumshika msomaji bila kutarajia, akapakosa. Ijumaa aliibandika ikiwa hivyo ilivyo.

Watu walikusanyika wakasoma. Hakuna aliyecheka wala aliyekasirika.

"Hii si ya Nassoro," alisema mmoja.

"Nassoro amekufa."

"Ndiyo nasema. Anayeandika hii anajaribu kumwiga. Haichekeshi."

"Hata uongo wake hauna ladha," alisema Mzee Abdulrahman. Mtu aliibandua akafungia karanga.

Jioni ile Bi Kaltuma alikuja hemani kwa Wardah. Hakuwahi kufika hapo kabla. Alikaa mlangoni akaikataa chai.

"Ni wewe," alisema. "Nilijua tangu ile ya wali. Mwanamume hajui kwamba chumvi ikitiwa maji yamekauka haiingii. Na Nassoro hakujua hata kuchemsha yai."

"Kwa nini hukusema matangani?"

"Ningesema nini? Waliokupenda hawakuwa wakisoma, walikuwa wakimsikiliza Nassoro. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Kila neno nilisoma, kwa sababu nilikuwa nakuchukia." Alitazama mikono yake. "Nilidhani akifa mwandishi nitapumua. Sasa hakufa mwandishi, amekufa mtoto wa mtu, kama wangu."

Wardah alisubiri aseme jingine. Bi Kaltuma aliinuka, akasema usiku mwema, akaenda.

Miezi ikapita. Wapiganaji walishuka Ngumi nayo, na safari hii nahodha Ahmed alirudi na Mwanatumu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiye na mzigo ila kifurushi cha kanga. Kamati ilimpa hema. Watu walimjia kwa heshima kubwa, wakamwita mama wa Waziri. Walimsimulia jinsi mwanawe alivyokuwa na akili, jinsi kambi nzima ilivyomngojea kila Ijumaa. Hata waliokuwa wakimlaani Nassoro walikaa kitako wakatikisa vichwa kukubali.

Mwanatumu aliwasikiliza wote. Kisha akafungua kifurushi akatoa karatasi iliyokunjwa. Upande mmoja ulikuwa mgumu, umebadilika rangi.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Huko Ngumi niliogopa kumpa mtu. Nataka nisomewe kilichomuua mwanangu. Hapa kuna mwalimu?"

Wakamwita Wardah.

Hema lilikuwa limejaa, na wengine walisimama nje wakichungulia. Wardah aliipokea karatasi. Alisoma kwa sauti ya chini, bila kubana pua, neno baada ya neno: mashua, nyavu, mabati, milango. Alipofika kwenye upepo, mmoja wa vijana waliokuwa nje alitokwa na kicheko. Alikizuia upesi, lakini wengine wawili watatu tayari walikuwa wameambukizwa, na mwanamke mmoja akawaambia kwa hasira waone haya.

Mwanatumu aligeuka akawatazama waliocheka, kisha akamtazama yule aliyewakemea. Akarudi kwa Wardah.

"Endelea."

"Imekwisha, mama."

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

"Hivi tu?"

Wardah alipiga magoti mbele yake. Alizungumza taratibu ili yeye peke yake asikie. "Mama, si Nassoro aliyeandika. Niliyeandika ni mimi. Yeye alikuwa akikuletea wewe ucheke. Alikuwa akikuletea wewe tu."

Mwanatumu hakuonekana kushtuka. Alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa.

"Nimeambiwa kwamba utasema hivyo," alijibu. "Nimeambiwa una maradhi. Mwanangu aliandika. Kambi nzima yasema aliandika, na waliomuua walisema aliandika. Mimi nilizaa watoto sita, na sina hata mmoja, wala picha yake. Nina hii." Akaitia kifuani. "Usininyang'anye na hii, mwanangu. Nakuomba."

Watu walikuwa wakiwatazama. Wardah alibaki amepiga magoti, kisha akasema, "Sawa, mama. Aliandika yeye."

"Aliandika vizuri?"

"Aliandika vizuri."

"Basi nisomee tena," alisema Mwanatumu.